Waraka kwa Mkurugenzi wa Redio Inayotangaza Dawa ya Tezi Dume

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia wodi ya wanaume wenye saratani, na mpaka leo majirani hunigongea mlango usiku mgonjwa wao akizidiwa. Barua nilizoziacha mapokezi kwenu hazikupata jibu. Kwa kuwa jambo ninalolilalamikia hutangazwa hadharani, asubuhi, siku zote za kazi, nimeona na mimi niliandike hadharani.

Nianze kwa kukupa haki yako. Redio yako ndiyo inayouamsha mtaa wetu. Kipindupindu kilipoingia, mlirudia tangazo la kuchemsha maji hadi watoto wakalikariri. Mvua zikikata barabara, abiria wanajua kupitia kwenu kabla hawajafika stendi. Mama lishe, fundi cherehani, mwenye bodaboda, wote wamefungulia masafa yako. Ndiyo sababu ninakuandikia wewe na si mwingine. Maneno yakishapita kwenye kipaza sauti chako watu huyachukua kuwa kweli, na wengine huyafanyia maamuzi ya uhai wao.

Kipindi chenyewe unakijua. Kwa ajili ya wasiokisikia nitakieleza kwa kifupi. Mtangazaji anamkaribisha mgeni anayemwita daktari. Mgeni anauliza: baba, unaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo? Mkojo unakatikakatika? Ukimaliza unahisi bado umebaki? Basi tatizo ni tezi dume, na dawa ipo, ya mitishamba, chupa kadhaa tu, hakuna kisu, hakuna kuingizwa kidole. Kisha simu zinafunguliwa, na wanaume watu wazima, kwa sauti zinazotetemeka kwa shukrani, wanasema walikuwa hawalali na sasa wanalala, walikuwa wanakojoa kwa shida na sasa mkojo unatoka vizuri.

Mheshimiwa, sitasema wanaume hao wanadanganya. Naamini wengi wao wanasema kweli tupu. Hatari iko hapo hapo, kwenye ukweli wao. Ushuhuda unaourusha hewani ni ushuhuda wa mkojo. Kuhusu saratani hausemi lolote, maana aliyepiga simu hakupimwa saratani, na studio yako haikumuuliza kama amepimwa.

Tezi dume ni kiungo cha kila mwanaume. Iko chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Umri ukisonga, sehemu ya ndani inayouzunguka mrija huo huvimba kwa wanaume wengi. Uvimbe huo si saratani na haugeuki kuwa saratani, ila huubana mrija, na ndio unaowaamsha wazee usiku. Saratani nayo, kwa takriban asilimia 70, huanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma, mbali na mrija. Inaweza kukua muda mrefu bila kumkatiza mtu hata tone moja la mkojo. Na mwanaume mmoja anaweza kuwa na vyote viwili: uvimbe unaomsumbua na saratani iliyokaa kimya. Ukimtibu uvimbe akapata nafuu, umemwondolea ile shida moja iliyokuwa inamsukuma kwenda hospitali.

Wala mimi si adui wa miti shamba. Milimani kwetu, kuanzia Kilimanjaro hadi Mlima Kenya, unaota mti ambao wataalamu wanauita Prunus africana na Wakikuyu wanauita muiri. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo na gome lake. Ulaya ikanunua magome hayo kwa wingi kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES, mti usije ukatoweka. Tafiti zimeonyesha kwamba dawa hiyo inawapunguzia baadhi ya wanaume kero za mkojo, kwa kiasi. Kwa hiyo mzee akiniambia amekunywa dawa ya miti na sasa analala, simbishii. Namuuliza tu: na saratani je, uliipima?

Wenzetu Marekani walilipitia somo hili kwa gharama kubwa. Miaka ya 1990 waliuziwa vidonge vilivyoitwa PC-SPES, vikisifiwa kuwa ni mchanganyiko wa mitishamba kwa ajili ya afya ya tezi dume. Wagonjwa wa saratani wakavinunua, vipimo vyao vya damu vikashuka, na hata baadhi ya madaktari wakavutiwa. Mwaka 2002 vikaondolewa sokoni, kwa sababu maabara zilikuta ndani yake dawa za kiwandani ambazo lebo haikuzitaja, mojawapo wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo ikinywewa bila kujulikana inaweza kumtoa mtu damu hadi afe. Huko kulikuwa na lebo, maabara na mamlaka ya kuuliza maswali. Mgeni wako wa asubuhi anajaza dawa kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika.

Sasa nikueleze kinachotokea wakati mkojo unatoka vizuri na chupa zinaendelea kununuliwa.

Mwaka 1940 mtaalamu wa anatomia wa Philadelphia, Oscar Batson, alidunga dawa inayoonekana kwenye eksirei katika mshipa wa uume wa maiti, akaifuatilia inakwenda wapi. Iliingia kwenye mtandao wa vena unaouzunguka uti wa mgongo wote na ambao, huko juu, umeungana na vena za ndani ya fuvu. Vena hizo hazina vali za kuilazimisha damu kwenda upande mmoja. Mtu akikohoa, akijikamua chooni au akinyanyua gunia la mahindi, damu humo inageuza mwelekeo, inajaa na kupwa kama maji ya mkono wa bahari. Seli ya saratani iliyochomoka kwenye tezi inaweza kupita njia hiyo hadi kwenye pingili za mgongo. Si njia pekee, maana nyingine huzunguka na damu ya kawaida kupitia mapafu. Lakini inasaidia kueleza kwa nini saratani hii inaipenda mifupa ya nyonga na mgongo kuliko mahali pengine popote. Uchunguzi mkubwa wa maiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kati ya wanaume ambao saratani yao ya tezi dume ilikuwa imesambaa kwa njia ya damu, asilimia 90 walikuwa nayo mifupani.

Mgonjwa wa hatua hii haji kulalamikia mkojo. Anakuja na kiuno, mgongo au paja. Maumivu yanamzidi akilala, tofauti na ya mtu aliyelima kutwa, ambaye akijinyoosha anapumzika. Hapo duka la dawa linampa diklofenaki, anaambiwa ni uzee au mgongo wa kazi, anarudi nyumbani. Baada ya muda pingili iliyoliwa inabonyea, au uvimbe unaingia kwenye mfereji wa uti wa mgongo na kuubana. Miguu inakufa ganzi, inalegea, mkojo unaziba kabisa au unatoka wenyewe. Hiyo ni dharura ya saa, haingoji wiki. Akifikishwa hospitali bado anatembea, akapewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, kisha mionzi au upasuaji, kuna matumaini makubwa ya kuendelea kutembea. Akifika miguu imeshakufa siku kadhaa, mara nyingi hairudi. Tofauti kati ya hawa wawili ni muda tu, na muda ndio bidhaa unayomuuzia mgeni wako kwa dakika.

Na safari haiishii mgongoni.

Nikuonyeshe mgonjwa mmoja, bila jina wala mji. Alikuwa mstaafu wa reli. Kijana wake alimshusha kwenye bajaji akambeba mgongoni hadi kwenye kitanda cha magurudumu. Mkewe alikuja nyuma na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa za dawa ya rangi ya kahawia, kila moja imebandikwa plasta iliyoandikwa kwa kalamu, hii asubuhi, hii jioni. Mlikuwa pia na daftari la shule. Kila usiku mama yule alikuwa ameandika mzee ameamka mara ngapi kwenda haja ndogo, kwa sababu redioni waliagizwa wafuatilie maendeleo. Nililifungua. Mwanzoni mzee alikuwa akiamka mara tano, mara sita. Kurasa za mwisho zilikuwa na mbili mbili, na moja moja. Kwa hesabu za daftari lile, dawa ilikuwa imefanya kazi.

Mzee wa daftari hilo alikuwa amelala mbele yangu, kope ya jicho la kulia imeanguka nusu, na akiniangalia alisema anaona wauguzi wawili. Kidevu chake kilijaa mikato ya wembe, mingine mibichi. Nikamuuliza nani anamnyoa. Akasema ananyoa mwenyewe, ila upande ule hausikii kitu. Hujua amejikata akiona damu kwenye taulo. Alimwita binti yake wa mwisho kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Mke akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumbani wanajua ni jini, na watu wa kumwombea wameshakuja. Mgongo ulikuwa unamuuma muda mrefu. Miguu ilikuwa imelegea wiki tatu. Hakuna hata siku moja, katika muda wote huo, alipopimwa damu ya tezi dume.

Picha ilionyesha saratani kwenye pingili za mgongo, kwenye mifupa ya chini ya fuvu, na kwenye utando mgumu unaoufunika ubongo. Deksamethasoni na mionzi vilimrudishia akili kwa muda. Alimtambua binti yake, akamshika mkono, akamwita kwa jina lake. Miguu haikurudi. Na siku moja ya zile alizokuwa na akili timamu, alimuuliza mkewe kama ameshampigia daktari wa redioni kumjulisha kwamba mkojo unaendelea vizuri.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mheshimiwa Mkurugenzi, mwanaume huyu hakuficha maradhi. Aliyasema. Aliyasema kwa simu, hewani, mbele ya mkoa mzima, kwenye redio aliyoiamini tangu ujana wake. Ninyi mlimsikia, mkampa namba ya kulipia.

Kwa sababu mgeni wako husema maradhi haya hayafiki kichwani, niyanyooshe maelezo ili msikilizaji asidanganywe upande wowote. Ni kweli kwamba saratani ya tezi dume kuingia ndani ya nyama ya ubongo wenyewe ni jambo la nadra. Madaktari wa Kituo cha Saratani cha MD Anderson, Houston, walipopitia majalada ya wagonjwa 16,280, katika taarifa waliyoichapisha mwaka 2003, waliwakuta 103 tu, chini ya mmoja katika kila 100. Aina adimu ya saratani hii, iitwayo ya seli ndogo, ndiyo yenye kawaida zaidi ya kwenda huko. Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni hiki cha mstaafu wa reli: saratani inakaa kwenye mfupa wa fuvu au kwenye utando, inaugandamiza ubongo kutoka nje, au inaibana mishipa ya fahamu pale inapotokea kwenye matundu ya chini ya fuvu. Mshipa wa jicho ukibanwa, mtu anaona vitu viwili viwili. Wa taya ukibanwa, kidevu na mdomo wa chini vinakufa ganzi. Wa ulimi ukibanwa, maneno yanamgongana mdomoni. Na kwenye picha uvimbe wa utando unaweza kufanana na damu iliyovilia baada ya mzee kuanguka, kiasi cha kumpoteza hata daktari asiyejulishwa kwamba mgonjwa ana saratani ya tezi dume.

Kwa hiyo mwanaume mwenye saratani hii akianza kuumwa kichwa kusikozoeleka, kutapika asubuhi, kuanguka kifafa ambacho hakuwa nacho, kusahau nyumba yake, kuona viwili viwili au kufa ganzi kidevu, asipelekwe kwingine kabla ya hospitali. Atakayetaka kumwombea na amwombee akiwa njiani. Kuna dawa za kupunguza uvimbe, dawa za kifafa, mionzi, na mara nyingine upasuaji. Hazimwondolei saratani iliyokwisha kusambaa, lakini zinaweza kumrudishia maneno yake na wanawe. Dawa nyingi za kawaida za saratani hazifiki vizuri ndani ya ubongo, kwa kuwa mishipa ya damu ya ubongo ina kizuizi chake. Ndiyo maana sisi tuliokaa wodini tunalilia kuukamata ugonjwa kabla haujaondoka kwenye tezi.

Na unakamatika. Ukikutwa ndani ya tezi, kwa takwimu za Marekani, karibu wagonjwa wote wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Ukikutwa umesambaa mbali, ni takriban theluthi moja. Askofu Desmond Tutu aligundulika mwaka 1997 akaishi hadi Desemba 2021, akihubiri na kugombana na wakubwa hadi uzeeni. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001, akaishi miaka 12 zaidi. Hapa kwetu, Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na Ikulu ikalitangazia taifa. Redio zilisoma taarifa hiyo. Siku ile kila mwanaume kijiweni aliuliza kipimo kinapatikana wapi. Mliwahi kuwa na masikio ya wanaume wote wa nchi hii kwenye jambo hili. Mkayaacha yakachukuliwa na muuza chupa.

Hata wale ambao saratani yao imekwisha kusambaa hawajatupwa. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba ukiikata homoni hiyo, kwa kuondoa korodani au kwa dawa, uvimbe husinyaa na maumivu ya mifupa hupungua. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Nimemwona kwa macho yangu mzee aliyeingia wodini hawezi kugeuka kitandani, na siku chache baada ya upasuaji huo mdogo akaketi, akaomba uji. Leo kuna sindano za homoni, na kuna abirateroni, iliyoingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Kwa maumivu ya mfupa mmoja, mara nyingi dozi moja tu ya mionzi inatosha. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotajwa kwenye kipindi chako. Kinachotajwa ni kidole.

Juu ya hicho kidole niseme wazi, kwa kuwa mgeni wako amekifanya kitisho chake kikuu. Daktari huvaa glavu, hupaka kilainishi, huigusa tezi kujua kama ina kinundu au ugumu, na kazi imekwisha kabla mgonjwa hajamaliza kuona haya. Tena siku hizi hatua ya kwanza mara nyingi ni kipimo cha damu, PSA, kinachochukuliwa mkononi kama kipimo chochote. Si kipimo kikamilifu. Kinaweza kupanda kwa uvimbe wa kawaida au maambukizi, na jibu la mwisho linatoka kwenye kipande cha nyama kilichochukuliwa na kutazamwa maabara. Wala kujipima mara moja hakumpi mtu kinga ya milele. Mei 2025 ofisi ya Joe Biden, mtu aliyezungukwa na madaktari miaka yote, ilitangaza kwamba saratani yake ya tezi dume ilikutwa imekwisha kufika mifupani. Ila mwanaume wa miaka 50, au 45 kwa sisi Waafrika ambao ugonjwa huu unatuandama zaidi, na mapema kuliko hapo kama baba au kaka yake aliugua, anastahili kuambiwa kwamba kipimo kipo na achague mwenyewe kwa kujua. Mgeni wako anamchagulia kwa kumwaibisha.

Najua utakavyojibu, kwa sababu afisa wako wa matangazo alishaniambia mlangoni. Alisema redio ina mishahara ya kulipa. Alisema pia hospitali ndizo zinazowafukuza watu, kwa foleni, kwa gharama na kwa lugha mbaya. La pili nalipokea bila kupunguza neno. Wapo wahudumu wanaomwandikia mzee dawa ya maumivu kila mwezi bila kumgonga mgongo kwa ngumi kusikiliza anaumia wapi, bila kumuuliza habari ya mkojo, bila kumpa rufaa. Mashine za mionzi ni chache. Mtu wa Katavi au Lindi akiambiwa aende Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, anapiga kwanza hesabu ya nauli na ya mahali pa kulala. Hayo ni makosa yetu na ya serikali yetu, na redio yenye ujasiri ingetubana kwayo kila wiki. Mngekuja na kinasa sauti mkatuuliza kwa nini majibu ya nyama yanachelewa, ningewafungulia mlango mwenyewe. Lakini kasoro ya hospitali si kibali cha kumuuzia mgonjwa ucheleweshaji mwingine juu ya ule alionao.

Na la mishahara: siombi redio ifungwe. Naomba pesa yake isitoke kwenye daftari la mama yule.

Tatizo litakua, Mheshimiwa. Mwaka 2022 wanaume takriban 1,470,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na karibu 397,000 walikufa nayo. Tume ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ilikadiria kwamba wagonjwa wapya watafika 2,900,000 kwa mwaka ifikapo 2040, na ongezeko kubwa litakuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu, ambako wanaume wameanza kuishi hadi umri unaoleta ugonjwa huu. Wasikilizaji wako waaminifu wa leo, waliokua na redio yako, ndio watakaokuwa na miaka 65 wakati huo.

Kwa heshima zote, basi, ninaomba mambo matano.

Kwanza, asiitwe daktari hewani mtu asiye na leseni ya udaktari. Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na ina Baraza lake. Mganga aliyesajiliwa ana cheo chake halali, kinachomtosha na kinachoheshimika. Mwiteni kwa hicho.

Pili, ushuhuda wa kupona tezi dume usirushwe bila swali moja: ulipimwa wapi, na majibu yalisemaje? Mtangazaji wako ana akili na sauti ya kutosha kuuliza hivyo.

Tatu, kila tangazo la dawa ya mkojo lifuatiwe na onyo la sekunde chache: mwanaume mwenye maumivu ya mgongo yanayozidi akilala, miguu inayolegea, ganzi ya kidevu, kuona viwili viwili, kifafa kipya au kuchanganyikiwa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Nimeshaliandika. Nimeliambatanisha na waraka huu ili msipate kazi ya kulitunga.

Nne, tupeni saa ile ile ya asubuhi, mara moja kwa wiki. Nitakuja mwenyewe bila malipo, na ninawajua madaktari wa mkojo watakaokuja nami. Fungueni simu. Wanaume watuulize kila wanachomuuliza mgeni wenu, pamoja na nguvu za kiume, maana najua hofu hiyo ndiyo inayowakimbiza wengi, na ina majibu.

Tano, wazungumzieni wake na mabinti. Wao ndio wanaoandika madaftari, wanaona mikato ya wembe, wanasikia baba ameita jina lisilo lake. Wakifundishwa dalili, watamleta mzee hospitali akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Mheshimiwa, hujamuua mtu, na sijaja kukushtaki kwa hilo. Ila kuanzia siku utakapomaliza kusoma waraka huu, huwezi tena kusema hukujua ni nini kinachoendelea kwenye mgongo na kichwa cha msikilizaji wakati anakushukuru kwa mkojo wake. Jibu lako sihitaji liletwe nyumbani kwangu. Litoe hewani, saa ya kipindi kile, ili walionunua chupa wapate kulisikia.

Wako katika kulijenga taifa,

Muuguzi mstaafu, wodi ya saratani